Yai la Kwanza ni la Nani?



Siku zile tulipokuwa bado wageni kabisa katika wilaya hii ya Nchelenge, nilikwenda soko la Kashikishi, kando ya ziwa Mweru, nikasikia mama mmoja akiita wateja: "Amani! Amani!" Nilisimama pale pale. Nilikuwa nimetoka upande wa Manono mwaka 2017, nikapita Pweto, nikalala Kenani pamoja na maelfu ya watu, na sasa naona mtu anauza amani sokoni. Nikasogea. Ndani ya beseni lake mlikuwa na mayai. Kwa Kibemba yai moja ni ilini, na yakiwa mengi ni amani. Watu walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini pesa sikuwa nayo, basi nikarudi nyumbani bila amani ya Kibemba wala ya Kiswahili.

Leo nataka tuzungumze juu ya mayai, lakini si kwa ajili ya ufugaji peke yake. Kuku waliniletea swali nyumbani, nami nililijibu vibaya. Naliandika hapa kwa sababu nadhani limo katika nyumba nyingi za makazi yetu, hata zile zisizo na kuku. Swali ni hili: mnapokuwa na kitu kidogo, na kidogo hicho kinaweza kuliwa leo au kuwekwa kizae kesho, ni nani aamue, na ni nani avumilie?

VIFARANGA BILA MAMA

Serikali ya Zambia ilifungua makazi ya Mantapala mwanzoni mwa mwaka 2018. Tukahamishwa kutoka Kenani, na kila jamaa ikapewa kiwanja. Wengine kati yetu walikataa hata kupanda mihogo. Walisema, "Tukipanda, ni kama tumetia sahihi kwamba haturudi tena." Nayaelewa maneno hayo. Lakini wazee waliokuwa Kala kule Kawambwa, au Mwange kule Mporokoso, wakati wa vita vilivyoanza 1998, walitukumbusha kwamba wao nao walidhani watakaa miezi michache, na safari za kuwarudisha watu zilianza mwaka 2007. Nabii Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia watu wa uhamisho wajenge, walime na kula mazao yao, na katika barua ile ile akawaambia kwamba siku moja watarudi. Kwa hiyo kufuga hakufuti kurudi. Na tena, kuku hubebeka.

Mwezi wa Desemba mwaka ule, mama mmoja wa kijiji cha wenyeji aliniuzia vifaranga 8 kwa bei ya huruma. Kuku mama yao alikuwa ameliwa na fungo usiku. Mimi kwetu nilikuwa fundi cherehani; sikuwahi kufuga kitu. Niliwabeba ndani ya kofia, nikawaweka katika katoni tupu, nikalala usingizi. Asubuhi wawili walikuwa wamekufa kwa baridi.

Yule mama aliponisikia alitikisa kichwa, akanifundisha. Kifaranga mchanga hana manyoya ya kumhifadhi. Juma la kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, karibu sawa na joto la chini ya mbawa za mama yake. Baadaye unapunguza kidogo kidogo kila juma mpaka aote manyoya. Sisi hatuna umeme, basi tulitia maji ya moto katika chungu chenye kifuniko, tukakifunga kwa kitenge kikuukuu na kukiweka katikati ya katoni, na usiku mke wangu aliamka kuyabadili. Mbabula ya makaa hatukuthubutu kuiweka ndani ya chumba kilichofungwa, maana moshi wake huua kuku na huua watu. Hukuhitaji kipimo cha joto. Vifaranga wakisongamana na kulia, wana baridi. Wakikimbia pembeni na kuhema, joto limezidi. Wakitawanyika na kulala kimya, ni sawa.

Maji tuliwapa katika kisahani chenye mawe madogo ndani yake, wasije wakazama. Chakula kilikuwa mahindi yaliyopondwa, pumba, na mchwa. Tukipata chenga za chisense, vile visamaki vidogo vya Mweru, tulichanganya kidogo. Mahindi yenye ukungu tuliyatupa, maana ukungu ni sumu. Na tulipoambiwa kwamba kuna chanjo ya ugonjwa wa Newcastle, ambao wengine huuita mdondo au kideri, tuliwapeleka wakatiwe tone moja katika jicho. Ugonjwa ule ukiingia, unaweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache, na dawa yake hakuna. Kuna kinga tu, nayo inapaswa kurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4.

Aliyewatafutia mchwa alikuwa binti yetu, wakati ule mwenye miaka 7. Kila asubuhi kabla ya shule alikwenda kwenye kichuguu na kopo lake. Siku moja aliniuliza, "Baba, wakianza kutaga, nitakula yai?" Nikamjibu, "Ndiyo, utakula." Nililisema jepesi, kama wazazi tunavyosema mambo mengi.

SIKU YA YAI

Kati ya wale 6 waliobaki, mmoja alichukuliwa na mwewe. Wakakua 5: majogoo wawili na mitetea watatu. Kuku wa kienyeji hana haraka. Hukawia miezi 6 hivi kabla ya kutaga, na wengine huzidi. Mwezi wa Juni mwaka 2019 mtetea mmoja alianza kuwa na kishungi chekundu, akawa anazunguka pembe za nyumba na kuchungulia kila kikapu. Tukamtengenezea kiota cha majani makavu mahali penye giza. Siku ya tatu binti yetu alikuja mbio, mikono miwili imeshika kitu. Yai lilikuwa dogo, bado lina joto.

Nami nikalichukua mkononi mwake nikasema, "Hili ni la akiba. Tutaliweka aatamie."

Hakulia. Aliniangalia tu.

Hesabu yangu ilikuwa nzuri. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huatamia siku 21. Nilisema moyoni: yai likiliwa ni dakika tano, likiatamiwa ni kuku, na kuku ni daftari, ni sabuni, ni chumvi. Nikapiga marufuku mayai yote. Mke wangu akanikumbusha kwamba mtoto alikuwa ametoka kuugua malaria, na kule kliniki walituambia tumpe mayai, samaki au maharage apate nguvu. Nikasema, "Maharage yapo." Yalikuwapo, lakini machache.

Yalipofika mayai 12, akaja mgeni, ndugu mmoja wa kanisa kutoka sehemu nyingine ya makazi. Mwanamume mwenye heshima. Nikamwambia mke wangu akaange mayai mawili. Tuliketi mbele ya nyumba, mimi na mgeni, bukari katikati, na mayai mawili katika sahani. Mgeni alikula moja. La pili nililila mimi, maana si adabu kumwacha mgeni ale peke yake.

Binti yetu alikuwa amesimama mlangoni.

Wapendwa, tuna methali inayosema mgeni njoo, mwenyeji apone. Maana yake ni kwamba mgeni akija hupikwa chakula kizuri, na watu wa nyumba nao hupata. Siku ile mgeni alikuja kwangu, lakini aliyepaswa kupona hakupona. Na Bwana wetu, katika Luka 11, aliuliza ni baba gani mwanawe akimwomba yai atampa nge. Mimi sikutoa nge. Lakini yai pia sikutoa.

NILICHOKOSEA

Kwanza nilikosea katika ufugaji wenyewe. Baadaye yule mama wa kijiji alinicheka. Yai la kwanza la mtetea huwa dogo, na mara nyingi kifaranga chake huwa dhaifu. Wenye uzoefu hawaliweki liatamiwe, hulila. Tena yai likikaa zaidi ya siku 7 au 10 kabla ya kuatamiwa, nguvu yake ya kuanguliwa hupungua kila siku. Kwa hiyo mayai ya mwanzo ndiyo ya kuliwa, na ya mwisho ndiyo ya kuwekwa. Tena ukiyaondoa mayai na kuacha moja kiotani, kuku huendelea kutaga siku zaidi kabla ya kukaa. Twasema akiba haiozi. Lakini yai huoza. Lile nililomnyima mtoto kwa ajili ya kesho, kesho yenyewe haikulihitaji.

Lakini nisijifiche nyuma ya hesabu. Tuseme yai lile lingekuwa zuri la kuanguliwa. Je, ningekuwa na haki?

Ndugu wengine watasema, ndiyo. Mtu anayekula mbegu hana shamba. Ni kweli, na mimi nimeona jirani aliyekula mayai yote, kisha kuku, kisha akauza kikapu. Sisemi kuweka akiba ni kosa. Sisi tuliokimbia tunajua kuliko wengine thamani ya kitu kilichowekwa.

Wengine watanikumbusha mjane wa Sarepta, katika 1 Wafalme 17. Alikuwa na konzi moja ya unga, yeye na mwanawe, na bado Eliya alimwomba ampikie yeye kwanza. Nimelifikiri neno hilo sana. Lakini angalieni: mama yule aliambiwa wazi ni nini kinachotakiwa, akapewa ahadi ya Mungu kwamba unga hautakwisha, akakubali, na nyumba yake yote ikala. Mimi si Eliya. Ahadi ya namna hiyo sikuwa nayo mkononi nimpe mtoto wangu. Ahadi niliyokuwa nayo ni ile niliyompa mwenyewe, ya kwamba atakula yai, nami nikaivunja.

Wengine tena husema kwamba mtoto akizoea mayai atakuwa mwizi, au mama mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele. Nimesikia hayo huku, nimeyasikia na kwetu. Kliniki wanafundisha kinyume: mama mwenye mimba na mtoto anayekua ndio wanaohitaji yai kuliko wote. Nami nauliza tu jambo moja. Mbona makatazo hayo hayakumgusa baba hata mara moja?

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Akiba ile niliita yangu, lakini mimi sikuilipia. Aliyeilipia ni mtoto. Mimi nilibaki na sifa ya mtu mwenye mpango, na yeye akabaki na njaa. Na mgeni alipokuja, akiba ile ile niliyoiita takatifu ikavunjika mara moja, kwa sababu heshima yangu ilikuwa na njaa. Hata sadaka ya malimbuko ni hivyo hivyo. Kumtolea Mungu yai la kwanza ni jambo jema. Lakini nikilitoa katika sahani ya mtoto bila yeye kuulizwa, mimi sijatoa kitu. Ametoa yeye, na jina limeandikwa langu.

TUNAJUA KUNGOJA

Kuna jambo lingine lililonichoma zaidi. Sisi wakimbizi kazi yetu kubwa ni kungoja. Tumengoja kwenye mistari, tumengoja majina yaitwe, tumengoja mgao. Mtu anasimama na karatasi, anasema, "Subirini," kisha anaondoka. Hasemi mpaka lini, wala kwa nini. Mara nyingi nimesema jioni kwa uchungu: afadhali kuambiwa hapana kuliko kuambiwa subiri bila sababu. Njaa tunaizoea kidogo, lakini kutohesabiwa kuwa mtu wa kuelezwa, hilo hatulizoei.

Na mimi nilimfanyia mtoto wangu jambo lile lile. Nilisimama juu yake na yai mkononi kama yule mwenye karatasi.

Kungoja kuko kwa namna mbili. Ukielezwa sababu, ukajua siku, ukaona kwamba aliyekuomba ungoje anangoja pamoja nawe, huko ni kutumaini. Ukiambiwa tu ungoje, na aliyekuambia anakula, hiyo ni njaa ya pili juu ya njaa ya kwanza. Angalieni kuku mwenyewe. Anapoatamia siku 21, anaondoka kiotani kwa muda mfupi tu, anakula kidogo, anarudi. Anakonda. Yeye ndiye anayengoja, na yeye ndiye anayelipa. Ndiyo maana Bwana alipotafuta mfano wa upendo wake kwa Yerusalemu, katika Mathayo 23, alimchagua kuku na vifaranga vyake.

Yale mayai 10 yaliyobaki nilimwekea kuku. Wakaanguliwa 7, wakakua 4. Kupoteza karibu nusu ni kawaida kwa vifaranga vya kienyeji. Siku yule mtetea wa pili alipotaga, nililipeleka yai kwa binti yetu. Nikamwambia, "Nilikuahidi nikavunja. Nimekosa. Hili ni lako." Nilitegemea atafurahi. Aliomba lichemshwe. Kisha akalila lote peke yake, haraka haraka, ameugeukia ukuta, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Hakumgawia hata mdogo wake, naye ni mtoto mwenye moyo wa kugawa.

Sikumkemea. Nilijua amejifunza kwa nani. Watoto wetu waliona nyumba zikiachwa na chungu kikiwa motoni. Wameona mengi yakichukuliwa mikononi mwao na watu wenye nguvu. Nyumba ya baba ilipaswa kuwa mahali pa kujifunza kinyume chake.

TUNAVYOFANYA SASA

Tangu wakati ule, kila Jumamosi jioni tunaketi wote na kikapu. Mayai yanahesabiwa mbele ya kila mtu. Yale ya kuatamiwa tunayatia alama kwa makaa: ni ya siku za karibuni, yenye umbo zuri, yasiyo na ufa, nayo huwekwa mahali penye baridi, ncha ikiangalia chini. Kuku mmoja tunampa 10 au 12, asishindwe kuyafunika. Yanayobaki ni ya kula au kuuza, na hapo kila mtu anasema neno lake, hata mdogo. Siku ya kuanguliwa tunaiandika ukutani, ili kila mtu ahesabu. Mgonjwa hutangulia, mtoto na mama hufuata, baba huja mwisho. Mgeni akija tunampa kwa moyo, na kinachopungua kinapungua katika sahani yangu.

Je, tumetajirika? Hapana. Majira mengine mdondo umetupiga, majira mengine mwewe. Lakini jambo moja limebadilika. Safari moja ada ya shule ilipokaribia, binti yetu mwenyewe ndiye aliyesema, "Juma hili tusile, tuyauze yote." Alikuwa na miaka 10. Tulikubali wote, na juma lile bukari na sombe havikuwa vichungu kwa mtu yeyote. Mayai yalikuwa yale yale, na njaa ilikuwa ile ile. Tofauti ni kwamba tuliulizwa.

Wapendwa, wengi wetu hatuna uwezo wa kuamua tutarudi lini, wala mgao utakuwa kiasi gani. Lakini ndani ya kila nyumba yetu yuko mtu mdogo kuliko sisi ambaye sisi ndio tumemshikia yai. Tukitaka kuulizwa na wakubwa, tuanze kuwauliza wadogo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani juma hili:

1. Katika nyumba yetu, ni nani huamua kitu kiliwe au kiwekwe? Na ni nani anayekosa kinapowekwa?

2. Je, kuna ahadi niliyompa mtoto, mke au mume wangu, nikaisahau kwa kuwa ilikuwa ndogo?

3. Tukiomba mtu angoje, je, tumemwambia sababu na siku, na sisi tunangoja pamoja naye?

Bwana awape amani, ya Kiswahili na ya Kibemba pia. Amina.